Napelekwa Riyadh, hoteli ya nyota tano, na hii habari ya kushikiliwa pesa kwenye kadi inanitisha

fundi_baridi
Wakuu heshima kwenu, wakubwa zangu shikamooni. Mimi fundi AC, niko Tabata Segerea, mwaka wa kumi na moja huu kazini. Ofisi inanipeleka Riyadh mwezi wa kwanza kwenye mafunzo ya chila, ile mitambo inayopoza jengo zima kwa maji. Tiketi wamelipa, chumba wamelipa, siku nne pamoja na chai ya asubuhi. Hoteli nimeitazama picha hadi mke wangu akaninyang'anya simu.

Jana ndiyo nikasoma karatasi yao vizuri. Mgeni akifika anatoa kadi, wanashikilia riyali 500 kwa kila usiku. Mara nne, 2,000. Riyali yao imefungwa kwenye dola tangu 1986, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo ni zaidi ya dola 530. Kadi niliyonayo ni hii hii ya mshahara, na Januari mnaijua: ada, sare, madaftari, baba mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kadi ikigoma pale mapokezi, mbele ya watu na kanzu zao nyeupe, uso nitauweka wapi?

La pili, kuna baridi? Fundi mwenzangu kasema jangwani hakuna baridi, nibebe fulana tu. Naona kama ananitega.

zamu_ya_usiku
Mkuu, mimi niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Posta, huo mchezo naucheza kila siku. Pesa haichukuliwi, inafungiwa. Inabaki kwenye akaunti yako ila huigusi. Shida ni kwamba kadi ya mshahara si kadi ya mkopo. Siku unaondoka hoteli itaiachia, lakini benki yako inaweza kukaa nayo siku kadhaa, wiki, hata zaidi. Nimeshatukanwa sana kwa kosa ambalo si langu.

Fanya hivi. Ofisi yako iwaandikie barua pepe kabla hujasafiri kwamba gharama zote za chumbani ni juu yao. Nakala uitembeze kwenye karatasi, usitegemee simu. Barua isipoonekana, waambie huchukui chochote cha ziada: waondoe vitu vya kwenye friji, wafunge simu ya nje, nguo zako hufulishi. Mara nyingi kiasi kinashuka. Na uliza kama wanapokea amana taslimu, maana hiyo unarudishiwa pale pale unapotoka, ukiwa na risiti. Muhimu zaidi, uliza KABLA hujawapa kadi. Wakishaipitisha, kuifungua ni hadithi nyingine.

Wala usione haya. Wenye pesa ndio wanaouliza hivyo kuliko wote.

mama_nasra
Marahaba mwanangu. Huyo mwenzako anakutega kweli. Riyadh iko juu, kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali. Alfajiri ya Januari ni nyuzi tisa hivi. Pita Mchikichini ununue sweta zito.

Mimi na baba Nasra tulilala huko siku tatu baada ya Umra, mtoto wetu alitulipia. Kilichonitesa si baridi, ni ukavu. Siku ya pili midomo imepasuka, pua inatoa damu. Kila nikishika kitasa cha mlango napigwa shoti, nikadhani nimerogwa. Dada wa usafi ndiye aliyenionyesha: lowesha taulo, likamue kidogo, tandaza kwenye kiti karibu na kitanda. Na beba mafuta ya mgando.

Maji ya chupa yaliyo juu ya meza kwetu yalikuwa ya bure, yaliyo ndani ya friji ni ya kulipia. Baba Nasra alikunywa ya friji. Bei ikaja na kodi yao ya asilimia 15 juu, akanuna mpaka uwanja wa ndege. Alikuwa ameshaniambia kwamba maji ya bomba ya mji ule yanatolewa chumvi baharini kule Jubail na kusukumwa zaidi ya kilomita 400, basi nami nikawa naoga kwa haraka kama nimeazima ndoo ya jirani!

Kibla usihangaike, kuna mshale, sisi tuliukuta kwenye dari. Ijumaa asubuhi usipange kwenda madukani, mengi hufunguliwa baada ya swala. Siku hizi kuna treni ya mjini pia, ilianza Desemba 2024, inafika hadi uwanja wa ndege na haina dereva. Ukiwa peke yako usikae behewa la familia.

kijiwe_segerea
Fundi, tende. Mengine yote ni maneno.

fundi_baridi
Wakuu, nawaandikia nikiwa chumbani. Barua ya ofisi haikuonekana, kama alivyosema zamu_ya_usiku. Nikatoa ile karatasi, nikasema maneno yangu, wakakubali riyali 500 taslimu kwa siku zote, risiti ninayo. Akaja jamaa na kikapu kuhamisha friji nikiwa nimesimama pale pale, akabeba hadi karanga.

Mama Nasra, taulo nimelitandaza saa tatu usiku. Saa kumi na moja alfajiri limekauka kama ng'onda, ukilisimamisha linasimama.

Sasa mniwie radhi, kazi ni kazi. Nimewasha ubaridi kusudi saa nzima, nikapanda kiti, nikafungua kifuniko cha dari. Kwetu Dar trei ya chini ya koili, yale mabomba yanayopoza hewa, inakujazia ndoo ya maji kabla ya adhana. Hapa ni kavu kabisa, ina vumbi jembamba la rangi ya chai ya maziwa. Nimepitisha kidole mara mbili.

Tatizo, skrubu moja ya kifuniko imedondokea nyuma ya kabati na kabati limeshindiliwa ukutani. zamu_ya_usiku, hiyo nayo wanakata kwenye 500?

zamu_ya_usiku
Shuka kwenye kiti kwanza.