MJADALA: Chanjo za watoto tuzilipie kwa tozo mpya, au kwa kununua kwanza tulipe baadaye?

Mwenye mada (Moshi):

Wadau, tangu Julai 2020 Benki ya Dunia imeihesabu Tanzania yetu nchi ya kipato cha kati, daraja la chini. Tulishangilia, ila hatukuambiana la pili: kwa Gavi, shirika linalochangia ununuzi wa chanjo, kipato cha nchi kikipanda, kiasi ambacho nchi yenyewe inachangia nacho kinapanda, hadi siku inaachiwa bili nzima. Na Juni 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi. Kulipa tutalipa tu, ubishi uko kwenye namna.

Wapo wanaotaka tozo maalumu. Mimi nakataa. Ghana ina tozo ya bima ya afya ya asilimia 2.5 kwa sheria ya 2003, na bado mwanzoni mwa 2023 iliishiwa chanjo za BCG (ya kifua kikuu), polio na surua. Jirani zetu hapo ng'ambo ya Namanga waliishiwa BCG na polio mwaka 2025. Sasa angalieni: BCG Gavi hainunui, nchi hujinunulia yenyewe, na ni ya bei ya chini mno. Kama chanjo rahisi ndiyo inayokosekana, basi kinachotuangusha ni hela kutoka kwa kuchelewa. Bajeti inapitishwa Juni, makusanyo yanaingia kwa kudonadona mwaka mzima, na mwenye kiwanda anataka dola zake.

UNICEF wana mfuko tangu 1991: wanamlipa mwenye kiwanda kwanza, nchi inarudisha baadaye bila riba. Tuukomalie huo.

Muuguzi_Majengo:

Nyie mko kwenye dola, ngoja niwashushe kituoni. Chupa moja ya BCG ni dozi 20. Ukishaichanganya una saa sita, zikipita unamwaga hata kama umechoma watoto watatu tu. Ndiyo maana mama anaambiwa arudi siku ya BCG, watoto wakusanyike. Mzigo ukiwa wa uhakika nafungua chupa hata kwa kichanga mmoja. Ukiwa wa kusuasua nabana, na mama aliyeshuka na bodaboda kutoka Kibosho ukimrudisha mara mbili, ya tatu humwoni. Kwenye kadi ya kliniki panabaki wazi.

Halafu msisahau mabomba ya sindano na maboksi ya kutupia. Chanjo ikifika bila bomba nitaichoma na nini?

Mzee_wa_Sakina:

Deni ni deni, hata lisipokuwa na riba. Tukizoea kuchukua leo tulipe kesho, siku Hazina ikichelewa kurudisha, mzigo unaofuata hauji. Hapo utakuwa umehamisha ucheleweshaji ule ule, hujautibu. Bora tozo ya bia na soda, na hesabu zake zisomwe hadharani.

Mwenye mada:

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye Hazina umenibana, nakubali. Ndiyo maana mfuko peke yake hautoshi: kasma ya chanjo, yaani fungu lake kwenye bajeti, iwe na tarehe ya kutoka, na Kamati ya Bunge iulize kila robo mwaka imetoka au haijatoka. Ila soda na pombe zimeshatajwa kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ng'ombe huyo huyo tumkamue mara ngapi? Na tozo ya miamala ya 2021 mnakumbuka kelele zake.

Binti_Kiboriloni:

BCG nimewaelewa. Lakini HPV ya mabinti, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo majaribio yake yalianzia hapa hapa Kilimanjaro 2014, na zile za nimonia na kuhara, ndizo zenye bei. Gavi wakiondoka, hizo nazo mtazikopa?

Mwenye mada:

Kwa hizo sina ubavu wa kusema mfuko unatosha. Zinahitaji fungu jipya kweli, na lianze kuongezwa kidogo kidogo kuanzia bajeti ijayo, wakati Gavi bado wanachangia. Mzee wa Sakina, fungu hilo likatwe wapi?