Hita ya bafuni mara moto mara baridi, tatizo nini?

kijana_raskazone: Wakuu, nina hita ya tenki lita 50, naoga maji ya moto safi halafu ghafla baridi, nasubiri na sabuni machoni, yakirudi yanababua. Fundi kaja kabadilisha bomba la shawa kachukua hela kasepa, hali ileile. Natumia maji ya kisima.

fundi_makorora: Kisima ndo mchawi wako. Elementi, ile koili inayochemsha maji ndani ya tenki, itakuwa imeganda ukoko mweupe wa chumvi ya maji, na themostati, kile kidude kinachopima joto, ikishachoka inawasha na kuzima inavyotaka. Zima meni switchi, siyo ya bafuni tu, funga maji, mwaga tenki, loweka elementi kwenye siki usiku kucha. Themostati mpya iweke nyuzi 60 inatosha.

MamaChumbageni: Mbona haraka ya kufungua? Mwanangu, hayo ya kubabua yanakuja mtu akifungua bomba la jikoni? Kama ndiyo, ni presha, maji baridi yanakimbilia jikoni huku shawa inabaki na ya moto.

kijana_raskazone: Eeh mama, hasa dada akiosha vyombo! Ila baridi inakuja hata nikiwa peke yangu.

fundi_makorora: Basi una mawili. Anza na elementi, ya presha baadaye, simtanki ya maji tutaipandisha juu zaidi.