Semina ya elfu 15, kozi ya bure mtandaoni, ama kubeba dodoso: ipi inafunza utafiti kweli?

Roysambu_Usiku
Habari zenu jamani, naomba ushauri wa watu wamepitia hii njia. Nasoma masta ya afya ya jamii hapa Nairobi, propozali yangu imerudishwa mara ya tatu na supavaiza ameandika tu "fafanua" pembeni, fafanua nini sasa, sielewi. Mada ni vile familia za mtaa wa mabanda wa Mukuru huweka maji ya kunywa baada ya kuyanunua. Nimeamua nijifunze hii kazi vizuri niache kubahatisha. Niko na njia tatu: semina ya wikendi hapo tao, siku tatu, elfu 15, cheti na chakula cha mchana ndani. Ya pili ni kozi za bure mtandaoni. Ya tatu kuna mradi unatafuta watu wa kukusanya data miezi miwili, malipo ni nauli na kitu kidogo. Nafanya kazi mchana kwa hivyo zote siziwezi. Mngechagua gani?

Dodoso_Mkononi
Chukua mradi. Mimi nilizunguka Mathare na Korogocho miezi mitano na huko ndiko nilijua swali baya linakaa aje. Karatasi yetu ilikuwa inauliza "Je, mnatibu maji ya kunywa?" na kila nyumba inasema ndiyo, kwa sababu kila mtu anajua jibu lenye unangojea, na wewe unajaza ndiyo ndiyo ndiyo mpaka jioni. Tukabadilisha tukauliza "Haya maji mnakunywa leo, mmeyafanyia nini tangu yafike nyumbani?" hadithi ikawa nyingine kabisa. Na mitungi tulipopima klorini iliyobaki, mingi haikufika miligramu 0.2 kwa lita, ambayo ndiyo ilikuwa kiwango chetu cha chini, na ni ya watu waliotuambia huweka dawa. Hiyo slaidi haiwezi kukufunza.
Utajua pia KoboToolbox, programu ya dodoso, unajaza kwa simu bila mtandao halafu unatuma ukifika penye mtandao. Lakini tembea na daftari, kila jioni andika nyumba gani zilikataa na kwa nini, maana kwa sura ya mbinu hapo ndipo watu hukosa cha kusema.

MamaWawili_Embakasi
Nakuheshimu Dodoso_Mkononi lakini kukusanya data si kuandika. Nimefanya kazi na vijana wamebeba dodoso miaka na miaka, ukimwambia mmoja aandike ukurasa wa matokeo anakwama.
Semina nilienda, si hiyo yako, ingine. Tulikuwa kama sitini kwa ukumbi wa hoteli, mkufunzi anaijua kazi, simkosei heshima, lakini hakuna mtu hata mmoja alisomewa ukurasa wake siku zote tatu. Kitu kilinisaidia ni alasiri moja tulionyeshwa Zotero, programu ya kupanga marejeo, kabla ya hapo nilikuwa naandika marejeo kwa mkono na jarida likitaka mtindo mwingine naanza upya. Sasa Zotero ni ya bure na mtu anaweza kukuonyesha kwa saa moja (nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, zikijaa weka PDF kwa kompyuta na nakala kwa flashi). Kabla ulipe waulize swali moja, kuna mtu atasoma kurasa zangu na kunirudishia zikiwa na alama? Wakisema hapana, kaa na elfu 15 yako.

Bando_la_Usiku
Mimi ni wa mtandaoni. Nilifanya ya AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, na pia ile ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyo kwa tovuti ya Coursera, Writing in the Sciences ya Kristin Sainani. Ya Stanford ni video, inakula bando, lakini ndiyo ilinifunza kwamba pepa haiandikwi kuanzia juu kwenda chini. Unaanza na majedwali na michoro, halafu matokeo, halafu mbinu, ndio urudi kwa utangulizi, kisha mjadala, ikisiri (ule muhtasari wa juu) mwisho kabisa. Nilikuwa nimekaa wiki sita na utangulizi mmoja, siku niligeuza mpangilio kazi ikaanza kutembea. Ya AuthorAID ilikuwa nyepesi kwa data na washiriki tulikuwa tunasahihishana kazi, na kusahihisha ya mwenzako kunakufungua macho kuliko kusahihishwa, hiyo nakuambia kwa dhati. Shida ni kwamba hakuna wa kukuamsha. Mara ya kwanza niliacha wiki ya tatu, ya pili nikamaliza kwa sababu tulikuwa wawili na tulipigiana simu kila Jumapili.

Kalamu_ya_Kukodi
Niongeze jambo moja kwa sababu najua litakuja. Kuna mtu atakwambia lipa uandikiwe. Mimi nilifanya hiyo kazi miaka minne hapa Nairobi, naandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza usiku kucha. Ilinipa kodi na karo ya wadogo wangu, na ilinipa mkono mwepesi wa kuandika. Lakini nilisoma ikisiri nikataja pepa nzima kama nimeisoma, mara nyingi sana, na siku nilikaa na data yangu mwenyewe sikujua jedwali langu linasema nini. Imenichukua mwaka kujifunza kusoma pepa moja mpaka mwisho. Tafadhali usipite hapo.
Pia mkifika kuchapisha, jarida likikuahidi kukubali pepa kwa siku tatu ukilipa, angalia kwanza kama liko DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida huria yaliyokaguliwa, na usome pepa mbili walizochapisha.

Roysambu_Usiku
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Naweka hapa mwanzo wa propozali, MamaWawili nisaidie kama una dakika: "Maji ni uhai. Tangu jadi binadamu amehitaji maji safi. Upungufu wa maji Nairobi umeathiri afya ya wakazi kwa namna mbalimbali."

MamaWawili_Embakasi
Sentensi mbili za kwanza toa, zinafaa propozali yoyote duniani. "Kwa namna mbalimbali" ndiyo hapo supavaiza anaandika fafanua. Na mada yako si upungufu, ni kile kinatokea kati ya mchuuzi na kikombe. Anza Mukuru: maji yananunuliwa kwa mtungi, yanakaa nyumbani muda fulani, yanatolewa na kitu fulani. Halafu useme watafiti wamepima nini tayari, kisha nini hawajapima, hapo ndipo utafiti wako unaingia.

Roysambu_Usiku
Jaribio la pili: "Familia nyingi za Mukuru hununua maji kwa mitungi na kuyaweka nyumbani kabla ya kuyanywa. Tafiti zimepima ubora wa maji kwenye vituo vya kuuzia, lakini machache yanajulikana kuhusu yanavyobadilika ndani ya nyumba." Semina nimeiacha. Mradi nimewapigia, wamekubali nije Jumamosi pekee.

MamaWawili_Embakasi
Hiyo ni kazi sasa. "Machache yanajulikana" ithibitishe, tafuta Google Scholar usiku wa leo na utaje ni tafiti gani na zilifanyika wapi, ukipata moja imefanywa Kibera usiifiche, sema yako inaongeza nini juu yake. Kurasa mbili, Alhamisi saa mbili usiku, nitakuwa hapa.

Bando_la_Usiku
Alhamisi naleta zangu pia.