Spika za KEF LS50 sebuleni: valvu ya wati 35, klasi AB ya 85 au klasi D ya 200?

njiro_sebuleni
Wakuu, habari za jioni. Nimepata KEF LS50 kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, zile za mwanzo zenye koni ya rangi ya shaba. Zimetunzwa vizuri. Sasa nasaka amplifaya na nimebaki na tatu, bei hazipishani sana.

Ya kwanza ni ya valvu (zile taa za kioo za kizamani), mtumba, ina valvu nne aina ya EL34, wati 35 kila upande. Ya pili ni Yamaha A-S501, klasi AB (ile ya kawaida ya transista), wati 85 kwa omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme). Ya tatu ni klasi D (ile inayofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi), jamaa mmoja wa Usa River kaiunga mwenyewe kwa moduli za Hypex NC400, wati 200 kwa omu 8.

Sebule ni mita 5 kwa 4 na nusu, chini tailizi, juu jipsamu, nakaa kama mita 3 kutoka kwenye spika. Nasikiliza rumba za zamani, kwaya, na jazi usiku watoto wakishalala. KEF wenyewe wanapendekeza amplifaya ya wati 25 hadi 100. Je, hiyo ya 200 itaziunguza? Halafu jirani yangu ana sabufa ina stika ya wati 8000, ananiona mshamba kuulizia wati 35.

kiboriloni_yetu
Chukua ya 200 ulale.

FundiSakina
Tuanze na jirani. Hizo 8000 ni PMPO, hesabu ya kilele cha kufikirika ambayo kila kiwanda kinajipigia kinavyotaka. Mwambie aigeuze sabufa asome nyuma inakula wati ngapi ukutani. Haiwezi kutoa kuliko inavyokula. Marekani walichoshwa na mchezo huu zamani, mwaka 1974 wakaweka kanuni ya jinsi ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani. Hizo 35, 85 na 200 zako ni wati za kuendelea, zile tunazoita RMS. Usizichanganye na za stika.

Sasa spika. LS50 ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): ukiipa wati 1 (volti 2.83 kwa omu 8), mita 1 mbele yake unapima 85. Hiyo ni spika nzito kusukuma. Wewe unakaa mita 3. Uwanjani ungepoteza karibu 10, ila sebule ya tailizi na ukuta wa bloku inakurudishia kiasi, nakadiria unapoteza 7. Spika mbili zinakuongezea 3. Kwa hiyo wati 1 kila upande inakufikia kitini kama desibeli 81. Hapo tayari mkeo anaanza kuongea kwa sauti ya juu.

Kuanzia hapo, kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, ukizidisha mara kumi unapata 10. Wati 35 inakupa 96, wati 85 inakupa 100, wati 200 inakupa 104. Tofauti ya ile Yamaha na ya Usa River haifiki desibeli 4, yaani utaisikia ila haitakushangaza. Watu wanalipia tarakimu.

njiro_sebuleni
Asante fundi, mwanga umeanza kuingia. Lakini kama wati 1 inatosha kumpigisha mke kelele, si hata ya 35 ni nyingi mno?

mwl_kwaya_rau
Kaka, inategemea unapiga nini. Desibeli 81 ni wastani, na muziki hauendi kwa wastani. Rekodi nyingi za sasa zimebanwa, kilele chake kinapanda labda desibeli 8 au 10 juu ya wastani. Kwaya iliyorekodiwa kanisani bila kubanwa ni habari nyingine. Sauti ya kwanza na ya pili wanaanza chini kabisa unasikia hadi karatasi zikifunuliwa, halafu besi na kinanda wanaingia pamoja: umepanda 15 mpaka 20 kwa mpigo. Ukiwa umetega wastani kwenye 80, pale kinanda kinapoingia unahitaji 100, na kwa hesabu ya fundi hapo ndipo Yamaha inapoishia kabisa. Ya 35 imeshaishiwa njiani, na kwaya inageuka kelele moja, huwezi tena kutenganisha sauti ya tatu na ya nne.

Ukisikiliza usiku kwenye wastani wa 70, vilele vinafika 90, na wati 8 zinatosha. Kwa hiyo jiulize kwanza unasikiliza kwa kiasi gani.

mzee_wa_shanty_town
Vijana mnapita tu kama hamuoni wazee.

mwl_kwaya_rau
Shikamoo mzee.

FundiSakina
Shikamoo mzee wetu.

mzee_wa_shanty_town
Marahaba. Mimi nina valvu za EL34 hapa Moshi, nguvu hiyohiyo ya 35, na sijawahi kuzungusha kitasa cha sauti kupita alama ya saa nne. Ila spika zangu ni za honi, desibeli 96. Desibeli 11 zaidi ya zako ni sawa na kuzidisha wati mara 12 na ushee. Kwangu wati 35 ni bahari, kwako ni ndoo. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kijana wangu kwamba valvu hii itakutosha kwa kila kitu, japo kwa rumba za zamani usiku utalia machozi.

Msidharau namba ndogo lakini. Amplifaya ya NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 na wati 20 tu, ikaendesha spika zilizoshinda amplifaya zenye namba kubwa, kwa sababu ilikuwa na akiba ya kupandisha vilele kwa muda mfupi na haikuogopa spika ngumu. Wati za kwenye karatasi ni jambo moja, transfoma ni jambo lingine. Inyanyue kabla hujainunua.

sakina_tech
Mmesahau tuko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi 😂 Spika za Arusha zinatoa kidogo kuliko za Dar.

FundiSakina
Unatania ila ni kweli, tunapungukiwa kama desibeli 1. Mzee kule Moshi anapungukiwa kidogo zaidi ya nusu yake. Tuendelee.

Mzee kagusa jambo la maana. LS50 imeandikwa omu 8, lakini kwenye masafa fulani inashuka hadi 3.2. Wati 85 kwa omu 8 ni volti 26. Volti hizohizo zikikutana na omu 3.2, spika inavuta ampea 8 badala ya 3 na kitu. Amplifaya yenye transfoma dhaifu inasalimu amri hapo, hata kama kwenye karatasi ina wati mia. NC400 imepimwa 400 kwa omu 4 na 580 kwa omu 2, kwa hiyo haitishiki. Klasi AB nzuri nayo inamudu kwa sauti ya nyumbani. Valvu ndiyo itakusumbua: chomeka spika kwenye tundu lake la omu 4, na hata hivyo sauti yenyewe itabadilika kufuatana na omu zinavyopanda na kushuka. Wengine wanaupenda ule ulaini. Si kosa, ila ujue sauti unayosikia si ya spika peke yake.

Kuhusu 200 kuunguza: twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) nyingi zinazoletwa kwangu zimeuawa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa. Inapofika mwisho, vichwa vya mawimbi vinakatwa, wastani wa nguvu unapanda, na sehemu isiyo ndogo inaenda kwenye masafa ya juu, yaani kwenye twita. Koili ile ni waya mwembamba kama unywele. Ukiichomoa unakuta vanishi imegeuka kahawia, inanuka, na multimita haisomi kitu. Msimu wake naujua: Desemba watu wanarudi Uchagani, sherehe juu ya sherehe, Januari meza yangu imejaa. Na kwenye LS50 twita imekaa katikati ya wufa (ile koni ya besi), kwa hiyo si ya kubandika ya mtaani.

Amplifaya kubwa ni salama mkono wako ukiwa na adabu. Tahadhari moja: wufa yako ni inchi 5 na robo. Ukiipa besi nzito kwa wati 200, koni itagonga mwisho wake kabla amplifaya haijatoa jasho.

kiboriloni_yetu
Kwa hiyo nilisema kweli.

FundiSakina
Ulisema kwa bahati.

mwl_kwaya_rau
Na umeme? Huku kwetu jioni taa zinafifia kabisa.

FundiSakina
Swali zuri dada. Chukua 230 ikishuka hadi 200. Amplifaya ya transfoma ya kawaida inapungua kama robo ya wati, ile 85 inakuwa 64 hivi. Kwa sikio ni desibeli 1 na kidogo, wala hutajua. Valvu ndiyo inayoumia: hita yake inataka volti 6.3, na inavumilia kama asilimia 10 juu au chini. Ukutani ikiwa 200, hita inapata 5.5. Ukiiendesha hivyo kila jioni unafupisha maisha ya valvu. Kwa klasi D muulize jamaa wa Usa River saplai aliyotumia (sehemu inayolisha umeme ndani), maana saplai za swichi, baadhi zinashikilia volti na baadhi haziishikilii. Stabilaiza ni lazima kwa valvu, kwa hizo mbili ni busara.

njiro_sebuleni
Wakuu, nimeenda kuiangalia ile ya valvu. Nyuma imeandikwa AC 100V 50/60Hz. Muuzaji anasema "ni ya kawaida tu, chomeka".

mzee_wa_shanty_town
Usichomeke! Hiyo ni ya soko la ndani la Japani, kule ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 utasikia harufu kabla ya muziki. Inahitaji transfoma ya kushusha, na nunua kubwa kuliko inavyoonekana kuhitaji, maana valvu hula umeme hata zikiwa kimya. Ongeza gharama hiyo kwenye bei yake, na stabilaiza. Mimi mpenda valvu nakwambia: kwa spika hizo, iache.

njiro_sebuleni
Basi nabaki na mbili. Moyo uko kwa Yamaha kwa sababu ina rimoti na fundi wa kuifungua yupo. Klasi D inanitamanisha kwa kwaya.

FundiSakina
Omba kuzisikiliza zote mbili kwa spika zako, kiasi kilekile cha sauti, maana ile iliyo juu kidogo hupendeza kila mara. Ya kuunga, mwambie aifungue kifuniko: waya wa athi umefungwa kwenye bodi ya chuma? Fyuzi ipo? Kisha kabla spika hazijaunganishwa, washa, subiri dakika chache, weka multimita kwenye DC, pima pale spika zinapochomekwa. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Ikisoma volti nzima, mshukuru na uondoke na spika zako.

njiro_sebuleni
Jumamosi naenda Usa River. Kuna mwenye multimita Njiro aniazime? Yangu betri imekufa.

sakina_tech
Ninayo, ila mimi nakuja na wewe. Nataka kusikia hiyo NC400.