Magnesiamu kwenye kifafa cha mimba: kwa nini goti ligongwe kabla ya kila dozi?

Nesi_MwakaWaTatu
Wakuu, dozi ya kuanzia ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, naielewa: gramu 4 mshipani taratibu, kisha gramu 5 kila tako. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4. Lakini kwa nini lazima goti ligongwe kwanza? Mama ana kifafa, goti linaingiaje?

Mkunga Mkongwe
Goti linakuonyesha kama dawa imezidi. Ukigonga kano chini ya pia ya goti, msuli wa mbele ya paja unavutwa ghafla. Vihisi vya msuli hupeleka habari hadi uti wa mgongo, na amri inarudi palepale bila kungoja ubongo: msuli unajikaza, mguu unaruka. Magnesiamu ikizidi huziba njia ya kalsiamu kwenye ncha ya neva, asetilikolini (kemikali inayovusha amri kutoka neva hadi msuli) inamwagika kidogo mno, na amri haivuki kufika msulini.

Goti hunyamaza magnesiamu ikifika kama milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita ya damu. Kupumua husimama kwenye 5 hadi 6.5. Umeona palivyo pembamba hapo katikati?

Dawa_na_Dozi
Goti peke yake halitoshi. Pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, na mkojo angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, maana dawa hii hutolewa na figo. Kimoja kikikosekana, usichome. Pumzi zikisimama, msaidie kwa ambu (mfuko wa kusukuma hewa mapafuni) na umpe kalsiamu glukoneti gramu 1 (mililita 10 za asilimia 10) mshipani polepole.

Nesi_MwakaWaTatu
Na likikataa kuruka ilhali mama anaongea vizuri tu?

Mkunga Mkongwe
Simamisha dozi, halafu kagua ugongaji wako. Mara nyingi mama amekaza mguu. Pitisha mkono chini ya goti ulibebe, mwambie anasishe vidole vya mkono mmoja kwenye vya mwingine na kuvuta, gonga wakati huohuo. Tazama paja, si unyayo. Msuli unaweza kujikaza mguu usisogee. Na kama kachomwa ganzi ya mgongoni kwa upasuaji, goti litakudanganya. Weka kidole gumba juu ya kano kwenye kunjo la kiwiko, ugonge kidole chako.