Jaribio likisema "hakuna tofauti", tumwondolee mgonjwa oksijeni?

Muuguzi wa Temeke
Ndugu zangu wa tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito), naomba mnisaidie. Ninamhudumia nyumbani mama mwenye saratani ya mapafu ambaye kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 94, lakini mwenyewe analalamika kwamba pumzi haimtoshi. Wanawe wanakopa ili kulipia mtungi wa oksijeni. Nimesoma jaribio la mwaka 2010 katika jarida la tiba la Lancet, ambamo wagonjwa 239 wa Australia, Marekani na Uingereza waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa oksijeni na wengine hewa ya kawaida kupitia mirija ya puani kwa siku 7, na oksijeni haikuleta nafuu zaidi. Je, niwaambie waurudishe mtungi?

Daktari wa Upanga
Dada, anza kwa kuangalia ni wagonjwa gani waliokubaliwa kushiriki. Walikuwa watu wanaohema kwa shida ilhali oksijeni ya damu yao haijashuka sana, kwa hiyo matokeo hayo hayamhusu mgonjwa ambaye kipimo chake kinasoma asilimia 80. Mama huyo anafanana nao kwa kipimo, ingawa wengi wao walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, si saratani. Tena, "hakuna tofauti" si sawa na "hakuna nafuu". Kwa alama za 0 hadi 10, shida ya pumzi ya asubuhi ilipungua kwa 0.9 kwa waliopewa oksijeni na kwa 0.7 kwa waliopewa hewa. Huenda ni upepo wa puani, au kule kutazamwa kwa karibu, ndiko kulikowafariji wote.

Mfamasia wa Kigamboni
Naongeza jambo ambalo katika fani yetu hupuuzwa mno: waliokamilisha siku zote 7 ni asilimia 93 upande wa oksijeni na 83 upande wa hewa. Wanaoacha njiani mara nyingi ndio waliozidiwa, kwa hiyo wastani hubebwa na wale wenye nafuu waliobaki.

Daktari wa Upanga
Ni kweli. Feni ya mkononi nayo ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 50, na ilipoelekezwa usoni kwa dakika 5 iliwatuliza kuliko ilipoelekezwa mguuni, ijapokuwa kila mmoja alijua inakopuliza.

Muuguzi wa Temeke
Asanteni sana. Kesho nitazungumza na daktari wake kuhusu morfini ya maji (dawa ya maumivu inayotumika pia kutuliza shida ya pumzi) kwa dozi ndogo, kisha tuweke feni usoni pake, tufunge mtungi kwa saa chache huku nikiwa hapo na kipimo, na yeye mwenyewe atupe alama ya pumzi yake kabla na baada. Mtungi utabaki pale hadi mama mwenyewe aseme uondolewe.