Naomba ushauri: bima imeisha Julai, korosho ni Oktoba

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nipo Tandahimba, Mtwara, nalima korosho. Kadi yetu ya CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii), ile tuliyolipia 30,000 kwa kaya ya watu 6, imeisha mwezi huu. Hela yote imeingia kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na minada ya kuuzia korosho mpaka Oktoba. Mama ana presha; kwenye karatasi yake ya dawa vimebaki vidonge vinne. Inaniuma sana.

Nimemuomba mwandikishaji nilipe kidogokidogo, kasema mfumo unataka yote kwa mkupuo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inawataja wasio na uwezo. Je, sisi wa kipato cha msimu tunahesabiwa humo, na naanzia ofisi gani? Na kuna AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) iliyowahi kumkatia mwanachama bima kwenye malipo ya korosho?